Jengo Hili Haliuzwi

Jumatatu, tarehe 3 Novemba 2025

Makamaradi wa mapambano, wana wa shaba na wa vumbi jekundu! Ninawahutubia kutoka chumba namba 14 cha bweni, ambamo kwa sasa tuko wawili: mimi na pasi. Haidhuru. Historia haihesabu wasikilizaji.

Ajenda ni moja. Jengo la Musonda, katikati ya mji. Ghorofa mbili, nguzo sita mbele, mwaka 1928 umechongwa juu ya mlango. Linaoza. Mtini mwitu umeota ndani ya mfereji wa paa na una afya kuliko wanafunzi wote wa bweni hili. Mwenye jengo, Mzee Musonda, anaishi mtaa wa Golf, kwenye majumba na bustani, huku ukuta wa mababu zetu ukivuja mchanga kama gunia lililotoboka. Séphora, katibu wa kamati, amenikumbusha kwamba ukuta ule ulijengwa na wakoloni kwa ajili ya wakoloni. Nimemjibu kwamba matofali yalibebwa na mababu. Akafunga daftari la kamati. Ushindi wa kwanza.

Chini, kwenye baraza, anashona Mama Claudine. Miaka ishirini na miwili mahali pamoja. Cherehani nne, sare za shule za nusu ya mji. Paa likianguka, litamwangukia yeye. Kwa hiyo ni yeye tunayempigania. Nilikwenda kumwambia hivyo. Aliuliza kama nimekuja kupimwa suruali au hapana.

Habari mbaya: Franck wa kitivo cha sheria, mwenye kamati inayoshindana na yangu, ametangaza kwamba Ijumaa atapiga video mbele ya jengo hilohilo. Jengo langu! Lazima nitangulie.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Nimetangulia. Saa sita mchana, jua la utosi, rangi nyeusi, brashi ya chokaa. Kati ya nguzo ya tatu na ya nne, kwa Kifaransa ili serikali ielewe, kwa Kiswahili ili umma uelewe: JENGO HILI HALIUZWI. Sikuweka jina. Umma ndio mwandishi.

Mama Claudine alitoka na tepu shingoni. Aliuliza nani anauza. Nikasema hakuna anayeuza, ndiyo maana nimeandika. Akafikiri kidogo, akauliza: kama hakuna anayeuza, naandika kwa nini? Swali la mtu asiyesoma nadharia. Séphora alisema ni swali zuri. Itabidi nizungumze na Séphora kuhusu nidhamu.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Madalali tisa barazani tangu asubuhi! Wanapima kwa hatua, wanapiga picha, wanagonga nguzo kama wanunuzi wa matikiti. Nilimkabili mmoja, mwenye miwani ya jua, nikamuuliza kama hajui kusoma. Alinijibu kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgeni. Katika mji huu, alisema, maandishi yale huandikwa pale tu ndugu mmoja anapokuwa ameuza kwa siri na ndugu wengine wamegundua. Ukiyaona, unajua ugomvi upo, na penye ugomvi bei hushuka.

"Nyumba yenye haiuzishwe, petit," alisema, kana kwamba mimi ni mdogo wake, "hakuna mwenye anaiandikaka."

Nimezaliwa hapa. Nimepita mbele ya maandishi kama hayo tangu shule ya msingi, kwenye kuta za jirani, za mjomba, hata za kanisa moja. Je, nilijua? Nilijua. Lakini niliamini kwamba maneno yakitoka kwa umma hupata maana mpya. Umma haukuarifiwa.

Wateja wa Mama Claudine wameanza kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Wanadhani anafukuzwa. Aliwakabidhi mmoja mmoja, vimekunjwa vizuri.

Franck ameahirisha video yake. Amesema kamati yangu imeshafanya kazi yote.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Nimeitwa Golf; Mama Claudine amemwambia Mzee Musonda ni nani aliyeshika brashi. Nilikwenda na hotuba ya kurasa tisa na fimbo ya kuzuia mbwa. Hapakuwa na mbwa. Palikuwa na kuku mmoja na ndoo mbili chini ya dari la sebule, maana hata pale panavuja. Mzee Musonda alinipokea kwa kandambili. Alinipa kiti kizuri, yeye akaketi juu ya kreti ya bia. Uani, chini ya turubai, mabati themanini mapya.

Alieleza taratibu. Jengo liliachwa na baba yake kwa wana wawili: yeye na kaka yake, ambaye ni marehemu. Kwa miaka kumi na moja yeye na watoto wa kaka wamegombana, na katika ugomvi huo hakuna aliyemruhusu mwenzake apige hata msumari. Ndiyo sababu linaoza. Mwezi wa tisa hatimaye walipatana: paa kwanza, maneno baadaye. Mafundi walikuwa wapande Jumatatu inayokuja. Kisha Jumanne Chanda, mkubwa wa watoto wale, akapita mjini, akasoma ukuta. Akaamini kwamba baba mdogo ameuza, na kwamba mtu wa ukoo ameandika ili kuwaonya. Ameiondoa sahihi yake. Bila sahihi mbili, ofisi ya mji haitoi kibali cha kazi.

Hakunifokea. Ningeweza kukabiliana na kufokewa. Aliomba kitu kimoja: Jumapili ukoo utakaa barazani, nami nije, maana Chanda haamini tena neno la baba mdogo wala la mpangaji.

"Mutoto yangu, sikuombe unisifu," alisema. "Uwaambie paka: njo miye niliandika. Mvua iko inakuya."

Niliahidi kusema hilo tu: ni mimi niliyeandika. Njiani kurudi sikuwa na raha. Adui akishanunua mabati, mapambano yanabaki na nini?

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Viti viliwekwa pande mbili, kama kwenye mahari. Watu wa Mzee kushoto, Chanda na wadogo zake kulia. Mama Claudine alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, kitenge kipya, Biblia mkononi. Hakualikwa na mtu. Aliketi katikati, chini ya lile doa kubwa la unyevu darini.

Na pembeni ya Chanda, Franck. Wanatoka mtaa mmoja, kumbe. Simu yake imenielekea.

Nilikuwa na sentensi moja. Nilisimama nayo mdomoni. Nikaiona simu. Nikaona kesho: chuo kizima kinamtazama mwenyekiti akikiri kwamba aliandika andiko la kijinga, akiwa na akili timamu, mchana, kwa lugha mbili.

Nikaanzia mbali kidogo. Nikaanzia kuasisiwa kwa mji. Nikapitia shaba, reli, wafanyakazi waliolala chini ya reli, uhuru, kupanda na kushuka kwa bei ya madini. Dakika thelathini na tano. Nikasema si baba mdogo wala watoto wa kaka wenye jengo, bali historia. Nikasema maneno ya ukutani yameandikwa na mkono wa umma.

Chanda aliuliza mkono wa nani. Alitaka jina. Alisema akipata jina tu, anatia sahihi leo hii, kalamu anayo.

Mama Claudine aliinama kuelekea kwangu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemkumbusha mtoto shairi la shuleni.

"Papa, paka neno moya. Sema: njo miye."

Franck alisogeza simu karibu.

Nikasema historia itajibu.

Chanda aliinuka, akamwambia baba mdogo kwamba safari nyingine akikodi mwanafunzi wa kumtetea, akodi anayejua kudanganya kwa kifupi. Wakaondoka. Mafundi wameambiwa wasije. Mzee Musonda alibaki akipanga viti, kimoja juu ya kingine, peke yake. Mama Claudine alienda kumsaidia.

Ikumbukwe kwamba nilipigiwa makofi. Watu wawili, wapita njia.

Jumatano, tarehe 12 Novemba

Mvua ilianza saa nane mchana. Saa tisa na robo dari lilishuka, kisha boriti, kisha mtini na udongo wake wote.

Mama Claudine alikuwa ametoka salama. Akarudi ndani kuokoa cherehani. Akatoa ya kwanza. Akatoa ya pili. Kwenye ya tatu boriti ilimwangukia mkono wa kulia.

Mzee Musonda alifika akikimbia, kandambili moja imepotea njiani. Chanda alifika kutoka upande mwingine. Waliinua boriti pamoja, mmoja huku, mwingine kule, bila kusemezana. Mikono yote miwili ya Mzee ilikuwa inatoka damu.

Nilikuwapo. Nilikuwa na mwavuli. Sikujua nimfunike nani.

Jumamosi, tarehe 15 Novemba

Hospitali. Vidole vitatu havisogei. Daktari anasema tungoje. Hasemi tungoje nini. Nilileta machungwa. Mama Claudine aliniomba nimmenyee.

Nikamenya. Nikamwambia inasikitisha sana jinsi wenye majengo wanavyoyatelekeza. Alitafuna kipande kimoja kwa muda mrefu, akitazama dirishani.

"Weye uko mutoto ya akili sana," alisema. "Ile njo inaniogopesha."

Kisha alinipa habari kana kwamba anaongea na ukuta. Mzee na Chanda wametia sahihi, hatimaye, wote wawili, karatasi moja: wamemuuzia mteja wa yule dalali mwenye miwani. Mafundi wa kubomoa wanaingia wiki ijayo. Mabati yataenda Kasomeno, kwa jamaa anayejenga duka. Cherehani mbili zilizopona ziko kwa Abigaël, binti wa dada yake, ambaye amepata baraza la kushonea. Abigaël atashona, yeye atakuwa anaelekeza kwa mdomo, mpaka mkono utakapoamua. Alinitajia lilipo, akaniomba nisimwambie mtu ni baraza gani.

Nikaapa. Nikaandika anwani kwa uangalifu mkubwa, nisije nikaisahau.

Jumatatu, tarehe 17 Novemba

Makamaradi! Tumepoteza jengo, hatujapoteza hoja. Nimechambua kushindwa kwetu bila huruma, usiku kucha na asubuhi yote, na nimebaini makosa mawili. La kwanza ni Séphora, ambaye amejiuzulu kwa barua ya mstari mmoja, jambo linalothibitisha uchambuzi. La pili ni herufi. Zilikuwa ndogo mno. Herufi ndogo humfanya msomaji adhani ni ugomvi wa ukoo. Herufi za mita nzima haziwezi kueleweka vibaya.

Jana nilikwenda kukagua anwani ile. Ni duka la dawa la zamani, mitaa miwili kutoka kwenye kifusi, la mwaka 1931, lina baraza pana na ukuta mrefu usio na doa. Paa ni zima, hilo nalikubali. Mwenye jengo ni mjane asiye na ugomvi na ndugu yeyote, hilo pia nalikubali. Na hapo ndipo ilipo hatari: hakuna aliyeamka kulilinda! Barazani palikuwa na zile cherehani mbili, moja ikilia. Abigaël aliponiona nikiupima ukuta kwa hatua, alisimamisha mashine yake. Nikamwinulia ngumi ya mshikamano. Yeye akaanza kukunja vitambaa.

Franck amenitumia ujumbe akiuliza lini. Amesema safari hii hatakosa. Kwa hiyo natangaza mapema, ili ijulikane nani alitangulia: tukutane Alhamisi, tarehe 20 Novemba, saa saba kamili mchana, mbele ya duka la dawa la zamani. Ngazi ninayo. Tafadhali msichelewe, na msimweleze Mama Claudine, kwani nataka iwe zawadi.