Kibodi ya Kimya na Mafuta ya Mama

Jumatatu, 12 Mei
Nimeshtakiwa! Bi Evanthia, mchoraji ramani wa meza ya pili, kamlalamikia bosi: kuna tik-tik inatoka mezani kwangu na inamtoboa kichwa kutwa. Bosi kasema ikisikika Ijumaa, nahamia chumba cha chini kuishi na mashine ya fotokopi, na Evanthia anapewa dirisha langu. Dirisha langu! Linatazamana na tanuri la mwokaji. Mji mzima wa Volos, mimi ndiye wa kwanza kujua pai za spinachi zimeiva. Nikakaa kufikiri, shanga za babu, zile za kuchezea mkononi, zikipita vidoleni mojamoja kama kawaida. Macho yakatua kwenye kibodi. Kuukuu, kila kitufe kinapiga kelele. Mhalifu nimemwona.

Jumanne, 13 Mei
Leo sinunui kitu. Jumanne tarehe kumi na tatu ni siku ya mkosi, mtu hanunui hata soksi! Ila kusikiliza si kununua. Dukani nimetega sikio kwenye kibodi kumi na moja. Ajabu! Kila moja na sauti yake. Chini ya kila kitufe kuna swichi yenye springi, na zipo swichi za kimya, zenye vipande vya mpira ndani. Nani alifikiria hili? Nikauliza mbona kitufe kirefu cha nafasi ndicho kinachobwata kuliko vyote. Muuzaji akasema kina waya chini, nikipake grisi kidogo tu. Kisha akaniuliza, “Kaka, unanunua au unaibusu?”

Jumatano, 14 Mei
Nimenunua ya swichi za kimya. Jioni nimeifungua, nikatandika sponji ya kuoshea vyombo ndani. Grisi sikununua. Ya nini, na mama kaniletea kopo la mafuta ya zeituni kutoka kijijini? Mafuta haya yaliponya sikio la baba na bawaba za kanisa. Tone moja kwa kila swichi. Kisha tone la pili, maana la kwanza lilipendeza mno.

Alhamisi, 15 Mei
Kimya kabisa! Mpaka saa nne, herufi A ilipozama isirudi. Saa tano E ikaifuata. Nazinyanyua kwa uma. Evanthia akauliza nani kaleta saladi ofisini. Halafu akasema tik-tik bado ipo! Haiwezekani. Nikachomoa waya wa kibodi, nikaondoa mikono, nikangoja huku nikihesabu shanga ili nitulie. Akageuka: “Hiyo hapo!” Kibodi imezimwa na bado inalia! Jambo hili linahitaji utafiti.

Ijumaa, 16 Mei
Hukumu. Bosi kasimama nyuma yangu. Nikaandika sentensi nzima, isipokuwa A na E. Hakuna sauti! Nilitamani kucheza. Evanthia akasema tungoje kidogo. Hofu ikanishika, mkono ukaenda wenyewe kwenye shanga. Tik. Tik. Evanthia akaja mbio, akazinyakua.

“Wee Stamatis! Kibodi yako imenikera lini? Ni hizi shanga zako! Mwaka mzima!”

Nilitaka ardhi inimeze. Bosi alicheka hadi machozi, kisha akanisamehe, maana naye anazo mfukoni, ila zake huzichezea mkahawani kama mtu mwenye akili. Sharti moja: shanga zibaki nyumbani, dirisha libaki langu. Nimeapa mbele ya wote.

Jumapili, 18 Mei
Siku mbili bila shanga ofisini nitakufa, nimelijua hilo leo nyumbani kwa kujaribu saa mbili tu. Lakini nimechunguza. Shanga hazina kosa, kosa ni kugongana kwake! Nimeng'oa vipande vya mpira vya swichi za ile kibodi niliyorudi nayo Ijumaa, nikavigandisha baina ya ushanga na ushanga. Sasa zimelala kwenye bakuli la mafuta ya mama, zinywe hadi asubuhi. Kesho nakwenda nazo kazini na Evanthia hatasikia kitu. Harufu nitamsingizia mwokaji.