Posa ya Watoto wa Karani

Miyuji, Dodoma

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kupunguza Mbwa na Paka na Kuwatunza Waliotupwa.

Ndugu Mwenyekiti Tadeo,

Salamu kwako na kwa wanakamati wote. Sisi huku hatujambo, mimi na mbwa wangu Karani, isipokuwa shida mliyotuletea ninyi, ambayo ndiyo sababu ya barua hii. Nimeona niandike kwa kuwa wewe ni mpole na mimi ni mpole. Tukikutana ana kwa ana tutaishia kuulizana habari za mvua.

Nikukumbushe kwanza. Mwaka jana, muda mfupi baada ya kuanua matanga ya mume wangu Bartolomayo, kamati yako ilipita nyumba kwa nyumba ikituomba tufunge kizazi mbwa na paka wetu, ili wasizidi kuzagaa sokoni na majalalani. Kwangu alikuja daktari wenu wa mifugo, binti Hilda. Alinipa shikamoo tangu getini, akakaa, akanywa chai, akaeleza vizuri. Nikakubali. Karani aliondoka naye asubuhi akarudi jioni, na mshono wake ni safi kuliko wangu wa kidole tumbo. Juu ya mshono sina neno. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmenikatia ukwe. Marehemu alikuwa na utaratibu alioachiwa na baba yake huko Haneti, kwamba mtoto wa mbwa hauzwi, wala hatolewi bure. Anaposwa. Anayemtaka hutuma mshenga kwanza, kisha huja mwenyewe na kitu mkononi, hukaa kwenye kigoda, hunywa maji katika kikombe cha bati chenye ua jekundu, ambacho hapa nyumbani tunakiita kikombe cha wakwe, halafu huulizwa. Swali lilikuwa moja tu: "Utamlisha nini?" Aliyejibu "makombo" alirudishwa akajipange upya. Madume nayo yaliposwa vilevile, maana Bartolomayo alisema kwa mbwa hakuna upendeleo. Na mkwe hakuishia hapo. Ilimpasa arudi mara kwa mara kutupa habari za mtoto wetu.

2. Hao wakwe ndio waliokuwa watu wangu. Siku za matanga nyumba ilijaa hadi watu wakalala jikoni. Baadaye kila mtu alirudi kwake, na sikumlaumu yeyote, shamba halingoji. Lakini wakwe waliendelea kuja, kwa sababu walikuwa na habari za kuleta, na walipomaliza za mbwa walianza za Bartolomayo. Jenifa wa nyuma ya kanisa alileta karanga na umbea. Denis wa Makutupora alileta zabibu kila mavuno, akisimulia jinsi mbwa wake anavyofukuza ndege shambani kisha anakula zabibu yeye mwenyewe. Ni Denis aliyeniambia kwamba siku aliyopewa yule mbwa, marehemu aliwasindikiza mpaka barabarani, njia nzima akimuusia mbwa, si Denis. Hilo nilikuwa silijui. Sasa mmekwenda mkawafunga kizazi na hao wa wakwe, wametulia, na habari zimekwisha. Mara ya mwisho Denis alisema, "Mama mkwe, yupo tu, analala." Habari gani hiyo? Hata chai hakuimaliza.

3. Mbwa wamepungua kweli, siwezi kusema uongo. Hata watoto wanakwenda shule bila fimbo. Lakini zamani Karani akibweka alijibiwa na mtaa mzima. Siku hizi anabweka, anasubiri, kisha anageuka kunitazama kana kwamba zamu ni yangu. Juzi nilimjibu. Jirani yangu Yotham akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta, "Shemeji, u mzima kweli?" Nikamwambia akamuulize Mwenyekiti.

4. Jambo hili nimelifikiri sana wakati nachambua mlenda, na nimeona mko upande wa makosa. Mkwe ni nani? Ni mtu anayechukua mtoto wa nyumba ya mwenzake. Denis alichukua mmoja. Kamati yako imechukua watoto wote ambao Karani angewazaa mpaka uzeeni, kwa mkupuo, na mshenga wenu Hilda alikuja mikono mitupu. Kwa hiyo ninyi ni wakwe zangu, tena wakwe wakubwa kuliko wote waliowahi kutokea Miyuji, na posa hamjatoa. Fedha sitaki. Nataka kamati nzima ije, wewe ukitangulia, kila mmoja na kitu mkononi. Mtakaa kwa zamu kwa kuwa kigoda ni kimoja, mtakunywa maji, mtanipa habari za watoto wale. Najua hawajazaliwa. Hiyo si sababu. Asiyekuwepo naye ana habari zake, mimi naishi na za mmoja.

5. Kuhusu kituo chenu cha waliotupwa, pale mnawatoa watoto wa watu kama sabuni dukani. Nilikwenda kujionea, nikakaa getini na kigoda changu. Akaja kijana wa ofisini anaitwa Brighton, aliyehamia Dodoma na wizara yake. Akanyoosha kidole, "Yule pale," na mkampa! Nikamsimamisha. Nikamuuliza ukoo wake, mshenga wake yuko wapi, na mbwa atakula nini. Akasema, "Mama, mimi nataka mbwa tu." Nikamwambia kila bwana harusi husema hivyohivyo. Mwishoni alitamka ugali na dagaa, nikampisha, kwa sharti la kuniletea habari. Badala ya kunishukuru, mlimtuma Hilda aje kunieleza kwa upole kwamba nisionekane tena getini, kwa sababu watu wanageuza bila kuchukua mbwa. Ndugu Mwenyekiti, mtu anayekimbia swali moja, mbwa akiugua si atahama mji?

6. Kwa hayo yote naomba mambo mawili. Kufunga kizazi kusimame Miyuji nzima mpaka posa itolewe. Na tangu sasa, kila mwezi kamati imtoe mwanakamati mmoja aje kukaa kwangu kama mkwe wa zamu. Ukianza wewe haitakuwa vibaya. Mkikataa, nitaitisha kikao cha wakwe wote wa Bartolomayo, waje ofisini kwako na mbwa wao, na hakuna mbwa atakayeondoka kabla hujamuuliza hali.

Nisalimie mama watoto, umsalimie Hilda na mlinzi wenu Sila, na yule paka wa ofisini mwenye sikio moja, ambaye nasikia mmemhasi na bado anatoka jioni amejilamba.

Ni mimi mwenye madai lakini nisiye na kinyongo,

Ruthu, mjane wa Bartolomayo,
nyumba yenye geti la bati la kijani.

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimeshaifunga, nikaileta mwenyewe kituoni, nikakuta ofisi mmefunga. Katika banda la mwisho yupo, au niseme alikuwepo, yule dume mzee asiye na meno, ambaye Sila anasema hakuna aliyewahi kumnyooshea kidole. Aliponiona alibweka mara moja, akasubiri. Mimi tena sikuweza kumwacha hivyo. Nilimjibu, wapita njia wakanitazama, Sila akafungua banda. Yuko hapa, amelalia koti la Bartolomayo, na Karani amempisha.

Kwa hiyo madai ya posa yafute. Ni mimi niliyechukua mtoto wenu bila mshenga, mikono mitupu, na kazi ya kufunga kizazi endeleeni nayo, tena Hilda aje amhasi na huyu mzee. Ila mkwe ni mkwe, lazima nilete habari, na huko getini mlikonikataza itabidi mnivumilie. Nitakuja na kigoda changu. Swali ambalo Sila alisahau kuniuliza nalijibu hapa: atakula ugali wa uwele na mlenda, ambao hauhitaji meno.

Na habari yake ya kwanza ni hii. Jioni hii Karani alibweka, akasubiri kama kawaida yake, na safari hii aliyemjibu si mimi.