Kanuni Mpya za Chuo na Tuta Langu la Kwanza

Leo nimeaibika, jamani. Nimeaibika mchana kweupe, mbele ya chuo kizima, nikiwa na jembe mkononi na tope hadi kwenye nyusi. Nawaandikia ninyi niliosoma nanyi kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, maana hapa Sumbawanga habari inafika Kasanga kabla mwenyewe hajanawa miguu.

Mnajua mimi ndiye mwalimu wa taaluma katika chuo chetu cha ualimu. Mnajua pia kwamba mwaka wetu wa masomo ulikuwa umekatwa robo nne, na kila robo ina mtihani wake. Basi, imeamuliwa robo zife. Sasa ni mihula miwili. Mkuu wa chuo akaniita, akanikabidhi kanuni zote za zamani, akasema, "Mwalimu Nassoro, zirekebishe." Akasema kwa wepesi tu, kama ananiomba nifunge dirisha.

Ndugu zangu, robo ilikuwa imejificha kila mahali! Ruhusa ya kwenda nyumbani ni kila robo. Viranja wanachaguliwa kila robo. Mpishi akaja ofisini na mwiko wake kuniuliza kama ile nyama ya kufunga robo nayo sasa tutakula mara mbili tu kwa mwaka. (Nilikuwa nimeisahau nyama. Kanuni ya nyama ikaandikwa siku ileile, kabla ya wanafunzi kugoma.)

Lakini iliyoninyima raha ni kanuni ya marudio. Zamani, mtu akishindwa somo moja, "atarudia robo inayofuata." Sasa robo inayofuata iko wapi? Na katika robo ya mwisho kabisa alikuwa ameshindwa Leokadia, mama wa watoto wawili kutoka Kaoze, mwanafunzi wangu wa hesabu. Masomo mengine yote kafaulu vizuri. Hesabu ikamwangusha, na hesabu namfundisha mimi. Mumewe analea watoto na kulima peke yake ili mkewe awe mwalimu. Leokadia alikuja kuniuliza, "Mwalimu, mimi sasa niko robo au niko muhula?"

Nikaandika kanuni mpya: aliyeshindwa somo moja atapewa marudio ndani ya muhula unaofuata. Tatizo likawa Afisa Elimu. Yeye alikwisha sema muhula ni mrefu, aliyeshindwa afunge virago. Na bila yeye kuridhia, hakuna kanuni itakayopita.

Hapo ndipo nilipojifanya mjanja. Nikasema nimlainishe mzee. Nikaongeza kanuni kwamba kazi ya shamba itakuwa somo kamili lenye mtihani, na kwamba "wote, walimu kwa wanafunzi, watapimwa kwa vitendo." Sentensi hiyo niliipenda mno. Niliisoma kwa sauti peke yangu ofisini. (Mimi! Mtoto wa dukani, hapa mjini Mazwi! Jembe nalijua likiwa halina mpini, limening'inizwa ukutani linasubiri mteja.)

Leo asubuhi Afisa akafika. Nikamwamkia, "Shikamoo, Ndugu Afisa." Akaitikia huku anaangalia viatu vyangu, vilivyong'aa. Nilikuwa nimevaa ile suti yangu ya mikono mifupi, ya rangi ya maziwa. Baraza likaanza, nikasimama, nikasoma. Nilisoma vizuri, msinibishie! Nyama ikapigiwa makofi. Shamba likapigiwa makofi na Afisa mwenyewe. Nikafika kwenye marudio.

"Hiyo hapana," akasema Afisa. "Mtu akae muhula mzima anashindwa, halafu arudie nini? Chuo si mahali pa kujaribu bahati. Futa."

Leokadia alikuwa safu ya pili, anatazama viganja vyake. Nikafungua mdomo nijitetee, lakini Afisa alikwisha hamia kwingine.

"Ila hii ya shamba imenifurahisha sana. Walimu kwa wanafunzi! Kwa nini tungoje? Shamba liko hapo nje, mvua imelainisha udongo. Tuanze leo. Na tuanze na mwalimu aliyeiandika."

Chuo kizima kikasimama. Sijawahi kuwaona wanafunzi wakitoka ukumbini kwa haraka vile, hata siku ya nyama.

Ninyi msiokaa Ufipa niwaeleze. Hapa hawalimi matuta marefu. Wanatengeneza ntumba, kilima cha duara. Nyasi mbichi zinakatwa, zinalazwa, zinafunikwa kwa udongo ziozee humo ndani, ziwe mbolea. Kila Mfipa analijua hilo tangu utotoni. Mimi nimezaliwa hapahapa, nimepita kando ya ntumba maisha yangu yote kwa baiskeli, na sijawahi hata siku moja kujiuliza ndani mna nini!

Nikapewa jembe. Nikaona zile nyasi nimewekewa, nikafikiri ni uchafu. Nikazikusanya zote, nikazitupa mbali, kwa bidii, ili Afisa aone mtu msafi. Kisha nikaanza kurundika udongo. Nikarundika kwa urefu, nikapiga pande zote kwa bapa la jembe, nikanyoosha kingo. Suti ikabadilika rangi. Watu walikuwa kimya kabisa, nami nikadhani wananistaajabia.

Bwana Sikazwe, mwalimu wa kilimo, ndiye msahihishaji. Akazunguka kazi yangu taratibu, mikono nyuma.

"Mwalimu Nassoro, nyasi ziko wapi?"

"Nimezitupa kule," nikajibu kwa fahari. "Nimesafisha."

"Ahaa. Na huyu uliyemzika humu ni nani?"

Nikatazama. Wallahi, lilikuwa kaburi! Refu, limenyooka, limepigwapigwa vizuri. Mwanafunzi mmoja nyuma akavua kofia. Basi, kicheko kilicholipuka hapo mkikisikia huko mliko msishangae. Nikageuka kuwakabili waliocheka, nikarudi nyuma kwa aibu, kisigino kikanasa kwenye ukingo wa udongo wangu, nikaanguka chali juu ya kaburi langu mwenyewe. Mkuu wa chuo akafumba macho.

"Sifuri," akasema Sikazwe. Hakuona hata haya, na jana tulikula pamoja!

Afisa alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa. Akainama juu yangu. "Sasa Mwalimu, hebu tusaidie. Aliyeshindwa somo moja, kanuni inasemaje?"

Nikajibu nikiwa palepale chini, maana sikuwa na heshima yoyote iliyobaki ya kulinda. "Kwa kanuni yako, Ndugu Afisa, mimi nafunga virago leo. Kwa kanuni yangu, narudia."

Kicheko kikakatika. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka kwenye kundi, inatetemeka lakini inasikika.

"Ndugu Afisa, samahani. Mpe marudio. Huyu ndiye mwalimu wa hesabu. Akiondoka yeye, mimi hesabu nitarudia kwa nani?"

Leokadia! Yule asiyeinua mkono darasani hata akilijua jibu! Afisa akamtazama yeye, akanitazama mimi kaburini, akatazama chuo kizima. Mabega yake yakaanza kutikisika tena.

"Mwinueni mtu huyu," akasema. "Arudie. Arudie yeye, na arudie kila aliyeshindwa somo moja. Mkuu wa chuo, iandikwe."

Imepita! Vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia hata harusini. Wanafunzi wakaninyanyua juu juu na tope langu, Leokadia analia na kucheka kwa pamoja, mpishi anapiga mwiko kwenye sufuria. Nimefurahi, jamani, nimefurahi mpaka koo limekauka. Ningeanguka kwenye makaburi mengine kumi.

Tumekubaliana sasa: mimi namfundisha hesabu, yeye ananifundisha kulaza nyasi. Kanuni ya marudio imeanza kutumika rasmi, na jina la kwanza kwenye ubao wa matangazo ni la mwalimu wa taaluma. Anayetaka kucheka namwomba anivumilie hadi nifaulu.