Kompyuta ya Usharika Isiyotaka Kipanya

Jumatatu, 4 Novemba
Hatari! Mzee wa kanisa Kaijage anataka mimi na Rwekaza tupokezane kurusha maneno ya nyimbo ukutani. Tupokezane! Kiti cha mitambo kiko ubavuni mwa sauti ya pili ya kwaya, na sauti ya pili ndiko anakoimba Nancy. Rwekaza anataka kiti, kazi haitaki. Namjua.

Jumanne, 5 Novemba
Dawa imepatikana. Nimeondoa kwenye kompyuta ya usharika ule muonekano wa kawaida, wenye picha za kubofya. Nimeweka programu inayojipangia madirisha yenyewe. Menyu hakuna, kipanya hakina kazi. Kila kitu kwa vitufe vya kibodi, na vitufe nimevichagua mwenyewe. Ukifungua dirisha moja, linajaza skrini. Ukifungua la pili, yanagawana nusu kwa nusu, kama ndugu waliorithi kibanja. Likija la tatu, vipande vinazidi kuwa vidogo. Safi sana. Rwekaza aje aone.

Jumatano, 6 Novemba
Nimeshindwa kuizima. Nikachomoa waya. Betri ikaendelea. Nikaisubiri iishe huku natafuna senene. Jioni njema tu.

Ijumaa, 8 Novemba
Rwekaza alikuja kujifunza. Alitafuta pa kubofya mpaka jasho likamtoka. Nikamwambia kwa upole kwamba hii ni ya wataalamu. Akauliza nimejifunza lini. Nikasema zamani. Akaenda mwenyewe kumwambia mzee Kaijage kwamba mimi, Audax, niachiwe tu. Nimekula ebitoke, ndizi zetu za kupika, sahani mbili.

Jumapili, 10 Novemba
Ubeti wa kwanza, sawa. Kwenda wa pili nikabonyeza kitufe. Siyo chenyewe! Hicho ni cha kufungua dirisha jipya. Wimbo ukabaki nusu ya ukuta. Nikabonyeza kurekebisha, ukabaki robo. Nikabonyeza haraka zaidi. Mwishowe wimbo ulikaa kwenye kona ya chini, maneno madogo kama mayai ya chawa. Kinanda kinaendelea. Mzee Kaijage akavaa miwani, akaivua.

Ndipo bibi Anatolia, benchi la mbele, akafumba macho akaendelea kwa Kihaya, kama alivyofundishwa utotoni. Wazee wakamdakia. Vijana wakafuata walichokikumbuka. Jamani! Mabati yalitetemeka. Hata mimi machozi yalinilenga, na nilikuwa bado nabonyeza.

Mchungaji akasema, "Leo mmeimba. Siku zote mlikuwa mnasoma." Watu wakapiga makofi. Nikasimama, nikainama kidogo.

Jumatano, 13 Novemba
Wazee wa kanisa wamekaa kikao. Kompyuta imefungiwa kabatini, tunarudi kwenye vitabu vya nyimbo. Mzee Kaijage alinifuata kunishukuru kwa kuwafungua macho. Rwekaza kiti hajakipata. Hakuna aliyekipata! Ushindi mtupu.

Jumapili, 17 Novemba
Vitabu havitoshi. Watu wanachangia kimoja wawili wawili. Nancy hana. Rwekaza anacho, kipya, kaletewa na shangazi yake wa Izigo. Wameimba ibada nzima bega kwa bega, wameinamia ukurasa mmoja. Nimeumia, sifichi.

Mimi nilichangia na bibi Anatolia, ambaye hakukitazama kitabu hata mara moja. Alinishika mkono, akaniita mjukuu wake, akanipa senene kwenye karatasi. Nimerudi nyumbani nimeshiba na moyo umetulia, maana nimeshaona kasoro ya vitabu iko wapi. Mtu yeyote anaweza kuvifungua. Wiki hii nalishughulikia hilo.