Waya wa Mama Mkwe

Redio ya Mama Birika, muuza kahawa, ilikuwa na tabia ya kukohoa kabla ya habari mbaya, na asubuhi ile ilikohoa mara mbili. Wateja wa benchi la nje wakatega masikio. Mtangazaji akasema tanuri la mkate katika mtaa mmoja limelipuka, mlango wake umeruka ukatua juu ya paa la jirani, na mwokaji amenusurika kwa sababu alikuwa chooni. Wataalamu, akaongeza, wamegundua kwamba bomba la gesi halikuwa limeunganishwa na ethi.

"Chooni!" Breki akajipiga paja. "Watu wanadharau choo, jamani. Mimi kuanzia leo kahawa yangu mniletee humo humo."

Breki alikuwa dereva wa pikipiki, na jina hilo alipewa kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akishika breki.

"Wacha choo," alisema Dobi, aliyefua na kupiga pasi nguo za watu chumba cha pili na kuziacha ziungue wakati wa soga. "Mimi nauliza hiyo ethi. Bomba la gesi na mambo ya umeme, wapi na wapi?"

"Hakuna uhusiano wowote," akakata shauri Mzee Kifungu. Huyu alistaafu ukarani wa masjala, na hata sukari aliiomba kwa kutaja kanuni. "Umeme una idara yake, gesi ina idara yake. Miaka thelathini na moja sijaona faili la gesi kwenye kabati la umeme. Nani amewaunganisha? Kwa kibali cha nani?"

"Labda wamependana, mzee," alisema Breki.

"Basi ndoa yao ndiyo imelipua tanuri," alisema Dobi.

"Husikilizi redio wewe!" Breki akamkatiza. "Imesema hawakuunganishwa. Walikuwa wanaishi hivi hivi bila ndoa, ndiyo maana yamewafika."

Benchi likaangua kicheko. Asiyecheka alikuwa mmoja tu, Shoti fundi umeme, aliyeketi karibu na mlango kwenye kiti cha peke yake chenye mto. Kikombe chake kilikuwa bado kimejaa.

Kiti kile chenye mto alikipata miezi miwili tu iliyopita. Kabla ya hapo alikuwa mkwe wa kusimama. Mama Birika alikuwa mama mzazi wa mke wake, na kwa miaka minne alimwita "yule wa nyaya", hata yule wa nyaya akiwa amesimama mbele yake akimwamkia. Halafu jiko la gesi likaanza kuuma. Kila mama akiligusa, mkono unamsisimka hadi kwenye kiwiko. Dobi akasema ni jicho la mtu. Breki akasema ni presha. Mzee Kifungu akashauri iandikwe barua, nakala tatu. Mama akawa anapika akiwa amesimama juu ya ubao, amefunga mikono kwa vitambaa kama bondia.

Ndipo Shoti alipoitwa. Akachungulia nyuma ya jiko, akaona waya wa kijani na njano umebanwa kwenye bomba la gesi, akaufungua, na jiko likaacha kuuma papo hapo. Mama Birika alilia machozi. Alimwita "mwanangu" mbele ya watu. Waya wenyewe akaukunja, akautundika kwenye msumari pembeni ya kalenda, na tangu siku ile hakuna mteja aliyekunywa kahawa pale bila kuoneshwa waya na kuelezwa habari za mkwe.

Shoti alijua siku ile ile kwamba hajaponya kitu. Alikuwa amemziba mgonjwa mdomo asilalamike. Alijiambia atarudi wiki ijayo autafute ugonjwa wenyewe, kisha akaitwa mwanangu, akaletewa mto, na wiki ijayo ikawa haifiki. Aibu aliyokuwa nayo pale kitini ilikuwa kubwa kuliko kiti.

Mama Birika akatoka na birika mkononi. "Ethi ni nini hiyo mnayoipigia kelele?"

"Muulize mkweo, mama," alisema Dobi. "Fundi si huyo?"

"Waeleze, mwanangu."

Shoti akakohoa kuliko redio. "Ethi ni... ni njia, mama. Umeme ukitoroka kwenye chombo, unapewa njia ya kwenda ardhini bila kumdhuru mtu."

"Mmesikia?" Mama Birika akageukia benchi. "Wangemwita yeye kule, tanuri lingekuwa mahali pake sasa hivi. Kwangu hapa uchafu ule aliutoa kwa dakika tano. Waya wenyewe ule pale ukutani."

"Natoa hoja apongezwe," alisema Mzee Kifungu, akinyoosha kidole.

"Naunga mkono," alisema Breki. "Tena apelekwe redioni."

Dobi tu ndiye aliyekunja uso. Alikuwa mtu wa kuchelewa kuelewa, lakini akishaelewa haachii. "Ngoja kwanza. Redio imesema bomba linatakiwa liunganishwe. Sasa ule waya wa ukutani si ndio uliokuwa umeliunganisha?"

Benchi zima likamgeukia Shoti.

"Inategemea," alisema Shoti.

"Inategemea nini?"

"Inategemea na... hali ya hewa."

"Hapo amesema kweli," Mzee Kifungu akatikisa kichwa kwa uzito. "Kiangazi mambo mengi hubadilika."

Mama Birika akaridhika, akarudi ndani kuwasha jiko kubwa. Shoti akamfuata kwa macho kupitia mlango uliokuwa wazi. Ndani palikuwa padogo, friji la zamani upande huu, jiko upande ule, na katikati nafasi ya mtu mmoja mwenye haraka. Mama akafungua friji kuchukua maziwa. Mkono wa kushoto ukabaki umeshika mpini wa chuma. Mkono wa kulia, uliokuwa na unyevu, ukanyooka kuelekea jiko.

"Mama! Usiguse!"

Kikombe cha Dobi kilianguka. Breki, kwa mara ya kwanza tangu ajulikane pale, alisimama ghafla. Mkwe amemfokea mama mkwe wake, hadharani, saa nne asubuhi.

Mama Birika akarudisha mkono polepole. "Umenifokea mimi?"

"Nimekufokea, mama. Achia na friji. Rudi nyuma."

Hakungoja jibu. Aliingia, akazima swichi kubwa ya nyumba, na redio ikakatika katikati ya tangazo la sabuni. Akafunga koki ya gesi. Akachomoa plagi ya friji. Kisha akaenda pale kwenye kalenda, akautoa waya msumarini, na watu wote waliokuwa wamejazana mlangoni wakazuia pumzi, maana hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuugusa.

"Mama, huu waya haukuwa uchafu," alisema. "Ndio uliokuwa unakwambia kuna kitu kimeharibika. Friji lako linavuja umeme. Umeme ukivuja unatafuta ardhi. Uliikosa, ukazunguka kupitia waya huu hadi kwenye bomba na jiko, ukakuuma. Mimi badala ya kuuliza unatoka wapi, nikautoa waya."

"Lakini jiko halinichomi tena."

"Ukiligusa peke yake, halichomi, na friji hulisikii kwa sababu bado unakanyaga ule ubao. Ukishika friji kwa mkono huu na jiko kwa mkono huu, wewe ndiye unakuwa waya."

Mama Birika akaitazama mikono yake miwili.

"Na siku umeme ukipanda kwenye bomba," aliendelea Shoti, "ukakosa njia, ukarusha cheche mahali gesi inapovuja kidogo tu..."

"Mlango juu ya paa," alinong'ona Breki.

"Sasa ilikuwaje uikose ardhi?" Dobi akauliza. "Ardhi si hii hapa, tunaikanyaga?"

"Kuna nondo ya shaba, imepigwa ardhini hapo nje karibu na mita. Ethi ya nyumba nzima imefungwa pale. Kuna kitu kimeiharibu, na hicho ndicho nilichotakiwa kukitafuta."

Dobi akashusha sauti. "Nondo ndefu?"

"Kukupita wewe."

"Kichwa chake kimechomoza juu kidogo? Kina kibano na waya?"

"Umeiona wapi?"

Dobi aliinua macho nje, kwenye turubai lililowapa kivuli. Wote wakainua macho. Turubai lilisimama juu ya nguzo nne, tatu za mti, na ya nne nyembamba, ndefu, nyekundunyekundu, iking'aa vizuri kwa kuegemewa kila siku na migongo yao.

"Ilikuwa inanikwaza nikipita na beseni," alisema Dobi. "Na Mzee ndiye aliyesema nguzo tatu hazitoshi kikanuni."

"Nilisema kwa mdomo tu," Mzee Kifungu akaruka. "Hakuna maandishi."

"Na Breki ndiye aliyeing'oa."

"Niliivuta kwa pikipiki, sikuing'oa! Mlinifungia kamba mkaniambia niondoe. Mimi nikiambiwa niondoe, naondoa. Abiria haulizwi ana nini kwenye mzigo."

"Lini?" aliuliza Shoti.

Wakatazamana. "Siku mbili tatu kabla jiko la mama halijaanza kuuma," alisema Dobi.

"Na ukasema ni jicho la mtu!" Mama Birika alimgeukia. "Nikaacha kusalimiana na jirani yangu kwa ajili yako!"

"Jicho lilikuwepo, mama. Lilikuwa langu, halikuona."

Shoti akatoka, akaikamata nondo kwa mikono miwili, akaichomoa. Turubai likashuka upande mmoja na kumfunika Mzee Kifungu, aliyeendelea kuzungumzia utaratibu akiwa ndani yake. Dobi alipewa nyundo. Aliipiga nondo ardhini pale pale ilipong'olewa, akitoka jasho, huku Breki akimhesabia mapigo, na waya wa ethi ukabanwa tena kichwani mwake.

"Tumemaliza?" aliuliza Breki.

"Bado. Friji lisichomekwe mpaka nilitengeneze. Niurudishe huu waya wa ukutani kwenye bomba la gesi, nyuma ya jiko. Lazima nikwaruze rangi kwanza kibano kishike chuma. Umeme nimezima na kule nyuma ni giza, nahitaji mtu anishikie tochi."

Breki akakumbuka abiria. Dobi akasikia harufu ya pasi, ingawa umeme ulikuwa umezimwa. Mzee Kifungu akasema yeye hana kibali cha kuingia eneo la gesi, lakini anaweza kuunda kamati, na kamati hiyo, kwa usalama wa wajumbe, ikae ng'ambo ya barabara. Benchi likabebwa na watu watatu ambao kwa miaka hawakuwahi kubeba hata vikombe vyao. Kutoka ng'ambo walianza kupaza sauti.

"Shoti! Kaza kulia!"

"Kushoto! Fundi wa kweli anakaza kushoto!"

"Iandikwe kwamba tulimshauri!"

Ndani walibaki wawili. Shoti akapiga magoti nyuma ya jiko, waya begani, na hakuweza kumtazama usoni mama mkwe wake.

"Mama, kuna jambo jingine. Sikukosea kwa kutojua. Nilijua siku ile ile. Uliniita mwanangu, nikaogopa nikirudi kuurekebisha utaniona sifai. Nimekuacha miezi miwili unapika karibu na kifo, kwa sababu ya mto wa kiti."

Mama Birika alivuta droo, akatafuta humo muda mrefu, akasukuma vijiko huku na huku. Shoti alingoja aambiwe aondoke, na alikuwa ameshaanza kufikiria atamwelezaje mke wake jioni.

Kilichokuja ni mwanga. Mama Birika alikuwa amepiga magoti pembeni yake na tochi, gauni la kazi likiburuta kwenye vumbi la nyuma ya jiko.

"Kaa nje, mama. Huku si kwako."

"Nikae nje na nani? Na wale?"

Shoti akakwaruza rangi. Mwanga ukawa unafuata kisu chake bila kutikisika. Chuma kikatokea, kisafi. Akakizungushia kibano, akapitisha waya, akaanza kukaza. Ng'ambo ya barabara kamati ilikuwa imegawanyika kati ya kulia na kushoto.

"Mama," alisema bila kugeuka, "hujakasirika?"

"Nimekasirika, tena vibaya sana," alisema Mama Birika, akasogeza tochi karibu zaidi na vidole vyake. "Lakini mimi si mjinga wa kumfokea mtu aliyeshika bomba la gesi. Kaza kwanza."