Nyigu wa Dirisha la Jikoni

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Leo nimekuwa mtu wa kudumu milele! Nimemwambia mke wangu peke yake. Akaniambia nikatupe takataka.

Jambo lenyewe hili. Jana tulikuwa kwa mama mkwe. Alipokuwa akipangusa dirisha la jikoni aliona kidudu amekufa pale chini ya kioo, akaniita, akauliza kama huyo naye ni wa kazini kwangu. Nikamtia kwenye kisanduku cha kiberiti kumridhisha tu. Leo nimemweka chini ya hadubini. Nyigu! Tena wa jenasi ileile tunayohangaika kuipanga kazini, kwenye chumba cha wadudu, wale wadogo kama ufuta. Hutaga mayai ndani ya kiwavi aliye hai, na watoto wao humla mwenyeji kuanzia ndani. (Kila nikiyasoma haya humkumbuka mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, anavyokula kwetu.)

Nyigu wa jenasi hii ana sindano ya kutagia huko nyuma. Wangu hana. Papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani, nazo ni ndefu kupita adabu. Nikachukua ufunguo wa utambuzi, kile kitabu kinachokuuliza swali baada ya swali mpaka kikufikishe kwenye jina la spishi. Nilianzia ukurasa wa pili. Wa kwanza ni maelezo, na maelezo ni ya wanafunzi. Swali la tatu: sindano ni fupi au ndefu? Hana! Ufunguo umekwama. Ufunguo ukikwama, spishi ni mpya. Hilo halihitaji shahada.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Kikwazo kidogo. Katika kazi yetu mtu hampi mdudu jina lake mwenyewe. Ni aibu, sawa na kujipigia makofi. Lazima akupe mwenzako. Mwenzangu ni Bi Lenzi, mkuu wa chumba, mwanamke ambaye ameinamia hadubini miaka thelathini na bado huhesabu vipingili vya papasi mara tatu. Bahati nzuri, yeye hupenda kumpa heshima aliyeokota, na aliyeokota huandikwa kwenye lebo.

Mke wangu aliuliza: kwani aliyemwona si Mama? Wanawake hukumbuka vitu visivyo na maana.

Hapo ndipo akili hupimwa. Kwenye droo yangu wamo nyigu wengine kumi na mmoja. Walitoka kwenye kiwavi niliyemtoa mimi, kwa vidole vyangu, kwenye kabichi za mama mkwe wiki tatu zilizopita. Wana sindano, wana kila kitu, wa kawaida kabisa. Sikupoteza hata muda wa kuwapitisha kwenye ufunguo. Basi nimeandika lebo upya. Nyigu wa dirishani: aliyeokota, mimi. Nyigu wa kabichi: aliyeokota, mama mkwe. Kila mtu kapata chake, hakuna aliyedhulumiwa.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimemkabidhi Bi Lenzi wote. Wale wa kabichi nimewapeleka kama wasindikizaji, ili aone tofauti. Nilikuwa nimewagundisha kila mmoja kwenye ncha ya kikaratasi chake, maana ukimchoma pini nyigu wa kimo hicho unabaki na pini tu. Gundi safi kabisa.

Alisoma lebo kwanza kabla ya kutazama nyigu. Kisha akanihutubia. Lebo ni kiapo, alisema. Mdudu bila lebo ni uchafu, na kuliko mdudu mwenye lebo ya uongo, bora huo uchafu. Akanikumbusha yule msaidizi aliyegeuza tarehe moja tu, akafukuzwa siku hiyohiyo. Niliitikia kwa kichwa mpaka shingo ikauma. Mtu wa kanuni, Bi Lenzi. Ndiye hasa ninayemtaka.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mwanyumba ana gereji. Jina lake limeandikwa getini kwa rangi nyekundu, herufi zina kimo cha mbuzi. Mama mkwe hawezi kupita pale na mgeni bila kumsimamisha asome. Mimi hunitambulisha hivi: na huyu naye ni mkwe wangu, anashughulika na wadudu. Miaka tisa! Inaniuma, sifichi.

Nimempigia mama mkwe simu. Nimemwambia Jumapili awaite wote, mwanyumba akae mbele. Rangi ya geti hubabuka, nikamwambia, lakini kuna jina la mtu wa nyumba yake litakaloandikwa kwenye vitabu na kusomwa hata wajukuu wa wajukuu wakizeeka. Akauliza apikie watu wangapi. Nikasema kumi na watano.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Bi Lenzi ameniita. Nilichana nywele kwanza.

Nyigu wa dirishani ni dume. Dume hana sindano kwa sababu hatagi, alisema, taratibu kama anayemweleza mgonjwa. Ni wa spishi ya kawaida kuliko zote, yumo kila bustani. Ufunguo wetu ni wa majike tu, na hilo limeandikwa ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza. Akanipa nakala ya ukurasa huo. Nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Nilikuwa naelekea mlangoni aliponirudisha. Wale wa kabichi! Amewapitisha kwenye ufunguo mara tatu. Hawamo. Amewalinganisha na droo zote. Hawamo. Spishi mpya, majike matupu, kumi na mmoja safi. Nilimwona Bi Lenzi akitabasamu, na sikujua kama ana meno mengi hivyo.

“Huyu aliyewaokota ni nani?” akauliza.

Nikafungua kinywa. Nikaziona zile lebo, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nikamkumbuka yule msaidizi.

“Mama mkwe wangu,” nikasema.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Watu kumi na watano. Mwanyumba mbele. Nimesimama, nimesema nyigu wa kwenye kabichi atabeba jina la mama mkwe, limetiwa mkia wa Kilatini. Mwanyumba alipiga makofi, sauti ikatoka kama ya mtu aliyeng'olewa jino. Hilo lilinifariji.

Mama mkwe hakuelewa mara moja. Alipoelewa alikaa. Kiwanja kina jina la marehemu baba mkwe, akasema, na bili ya maji pia ina jina lake mpaka leo.

“Langu halijawahi kuandikwa popote, mwanangu. Na kiwavi mwenyewe ulimtoa wewe.”

Akalia. Nami nikalia kidogo. Furaha ilikuwepo, nakiri, na uchungu ulikuwepo. Mke wangu alinitazama sana. Alijua.

Wakati wa kuondoka mama mkwe akanivuta mpaka dirisha la bafuni. Kuna mwingine, akasema. Ni kweli! Nyigu. Mdogo zaidi, na hana sindano kabisa. Papasi ndefu ajabu. Huyu hawezi kukosa kuwa mpya. Kesho asubuhi naandika lebo: aliyeokota, mimi. Kisanduku cha kiberiti sikuwa nacho, lakini nilipapasa mfukoni nikakuta karatasi fulani iliyokunjwa, haina kazi, nikamfungia humo.