Mke Wangu Anasoma, Mimi Nasimulia

Jumatatu, 3 Machi
Kikundi chetu cha wapenzi wa vitabu kinachagua mwenyekiti mwisho wa mwezi. Nakitaka kiti hicho. Tatizo: sisomi. Mimi ni fundi miwani, nawawezesha wengine kusoma, lakini nikifungua kitabu tu, usingizi huo. Jumamosi mfamasia, mpinzani wangu, alieleza riwaya nzima bila kutazama karatasi. Nimepata dawa yake. Mke wangu husoma kila siku. Asome yeye, anisimulie, nami nikasimulie.

Jumatano, 5 Machi
Nilimkuta akipiga pasi, nikamuuliza anasoma nini siku hizi. Akazima pasi, akaketi. Akasema sijamuuliza hivyo miaka mingi. Kitabu chenyewe: mke na mume, miaka kumi na tisa ya ndoa. Mume mcheshi kwa wateja. Nyumbani anauliza chakula tu. Nikataka majina yao. Akasema hawana. Afadhali, nimepunguziwa kazi ya kukariri. Huyo mume mjinga kweli. Nilicheka sana. Yeye hakucheka.

Jumamosi, 8 Machi
Nimewamaliza. Nilifika pale mke anapoteleza ngazini na kuteguka mkono, mume anakuja kuiona bandeji siku ya tatu. Ukumbini, mshona nguo mmoja alifuta machozi. Mfamasia, kwa wivu tu, akauliza kama mkono wa mke wangu ulipona vizuri. Nikamwambia tusichanganye mambo, hapa tunajadili vitabu.

Jumatano, 12 Machi
Sura mpya. Mke anapanga nguo kwenye begi, anangoja mume amuulize anakwenda wapi. Nilikuwa nanakili mbio mbio, nikamwomba arudie hapo kwenye begi. Alirudia polepole, akinitazama usoni. Nikamsifu kwamba anasimulia kuliko waandishi wengi. Je, mume anauliza? Akasema hajafika huko.

Alhamisi, 13 Machi
Nimerudi kazini, nyumba kimya. Mezani kuna kikaratasi: yuko kwa dada yake. Nimetafuta kitabu kabatini, jikoni, chini ya mto. Kaondoka nacho! Nikaketi kitandani, upande wake. Vyumba hivi viwili ni vikubwa kuliko nilivyodhani. Nakiri, roho imeniuma. Sijui hata huwa anawasha taa ipi akisoma.

Ijumaa, 14 Machi
Kesho ni zamu yangu tena, na hadithi sina mwisho wake. Nimempigia shemeji. Akasema afadhali nimepiga, dada yake hajasogea mbali na simu tangu jana. Mke wangu akapokea. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nikamuuliza kitabu kinaishaje, yule mke anarudi au harudi.

Akasema inategemea mume akipiga simu atauliza nini kwanza.

Kalamu ilikuwa mkononi. Nimeyaandika neno kwa neno, nikamshukuru, nikakata simu. Mfamasia kesho hana pa kujificha.